Lugha ya Mafunzo Mbele ya Mwenye Jeraha: Uhakiki wa Mafunzo ya Afya ya Uzazi kwa Vijana wa Nachingwea na Ruangwa

Wilaya za Nachingwea na Ruangwa zapakana katika mkoa wa Lindi, nazo zilikuwa wilaya moja mpaka mwaka 1995 Ruangwa ilipotengwa. Wenyeji wake wengi ni Wamwera, ambao kwa muda mrefu wamechanganyika na Wamakua, Wayao na Wamakonde. Katika nchi hii kijana hufundishwa habari za mwili wake katika vyuo viwili. Chuo cha kwanza ni cha kale, nacho ni jando kwa wavulana na unyago kwa wasichana. Chuo cha pili ni kipya: darasa la shule, zahanati na mikutano ya vijana, ambako mafunzo huja katika vitabu na vikaratasi vilivyoandikwa kwa Kiswahili sanifu, aghalabu mbali na mahali yanaposomwa.

Vyuo hivi viwili hushindanishwa kama kwamba kimoja ni giza na cha pili ni nuru, au kimoja ni asili na cha pili ni upotovu. Mashindano hayo yaachwe kando kwa muda. Likitazamwa jambo la lugha peke yake, vyuo vyote viwili vyaonekana kuwa na kasoro moja. Kila kimoja husema na kijana ambaye bado hajapatwa na lolote. Darasa humwambia ajiepushe. Unyago humwambia atunze na anyamaze. Lakini yuko kijana wa tatu, ambaye alidhuriwa kabla ya kufundishwa, naye huketi mkekani au dawatini pamoja na wenziwe akisikiliza maneno ambayo hayakutungwa kwa ajili yake. Makala hii yahakiki maneno hayo, na kuuliza yarekebishwe namna gani ili yamfae na huyo.

Msikilizaji

Mwaka 2009 ulifanywa uchunguzi wa taifa zima juu ya ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2011. Vijana wa umri wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa habari za utoto wao. Katika Tanzania Bara, wasichana karibu watatu katika kila kumi walieleza kwamba kabla ya kutimiza miaka 18 walipatwa na tendo moja au zaidi la ukatili wa kingono, kuanzia kushikwashikwa bila ya ridhaa hadi kuingiliwa kwa nguvu. Kwa wavulana alikuwa mmoja katika kila saba hivi. Wapatao nusu ya wasichana hao hawakupata kumwambia mtu yeyote.

Hesabu hiyo ni ya nchi, wala si ya darasa fulani la Ruangwa. Hata hivyo yatosha kumwonya mtunzi wa mafunzo. Kama darasa lina wasichana 20 na wavulana 20, kwa wastani huo watano au sita miongoni mwa wasichana, na wawili au watatu miongoni mwa wavulana, watakuwa wamepatwa na jambo hilo kabla ya kutoka utotoni. Hawana alama usoni. Mwalimu hawajui, nao wenyewe pengine hawajuani. Basi mtu aandikaye somo la afya ya uzazi hana budi kuliandika akijua kwamba wamo.

Hali ya vijana hao yahitaji jina kwanza. Kiswahili kina maneno kadhaa yanayoizunguka. Kihoro ni huzuni ya mtu aliyepotewa na kitu au mtu ampendaye. Kiwewe ni kuchanganyikiwa kwa mtu aliyeshtuliwa, asijue la kushika wala la kuacha. Bumbuwazi ni ule mshangao unaomfanya mtu asimame kama gogo, ulimi umekufa kinywani. Maneno haya yote ni ya wakati wa tukio au wa siku chache baada yake. Hakuna hata moja linaloeleza lile linalobaki miaka, linalomfanya mtoto ashtuke akiguswa begani, apoteze usingizi, au atoroke darasani somo la mwili linapoanza. Kwa hali hiyo wengi hutumia kiwewe, na wengine husema jeraha la nafsi. La pili lafaa zaidi, kwa sababu jeraha lina aliyelitia, lina maumivu, na laweza kupona likiacha kovu. Mwenye kiwewe huonwa kama aliyepungukiwa na akili. Mwenye jeraha huonwa kama aliyeumizwa. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mtoto anayejisikia akitajwa.

Lugha ya darasa

Mafunzo ya shuleni yamejaa amri. Jiepushe na ngono. Kataa zawadi. Sema hapana. Piga kelele. Jitunze. Sentensi za namna hii ni fupi, hukumbukika upesi, na nia yake ni njema. Lakini amri ina sharti lake katika sarufi na katika maisha: yule anayeamriwa awe na uwezo wa kutenda. Mtu haambiwi "jiepushe" na mvua iliyokwisha kumlowesha. Mtoto aliyeshikwa na mtu mzima wa nyumbani mwake, akisikia "sema hapana" mara kumi katika kipindi kimoja, hufahamu jambo moja tu, ya kwamba yeye hakusema. Somo lililokusudiwa kuwa ngao kwa wenziwe huwa kwake hati ya mashtaka.

Ajabu ni kwamba lugha yenyewe yajua zaidi kuliko somo. Kiswahili hakisemi kwamba mtu "alifanya" bumbuwazi. Husema alipigwa na bumbuwazi. Kadhalika mtu huingiwa na hofu, hushikwa na woga, hutiwa kiwewe. Vitenzi vyote hivi ni vya kutendwa. Wanenaji wa zamani walijua kwamba hofu kubwa humjia mtu kutoka nje yake, ikamfunga mikono na ulimi bila ya kumwomba ruhusa. Wataalamu wa leo wanaochunguza mwili wa mtu aliyeshambuliwa waeleza jambo hilo hilo, ya kwamba wengi hawapigani wala hawapigi kelele, bali huganda. Kwa hiyo kitabu kingeweza kumweleza mtoto kweli hiyo kwa Kiswahili chepesi kabisa: "Wako watu ambao wakishambuliwa hupigwa na bumbuwazi, sauti isitoke. Hilo si kukubali." Sentensi mbili kama hizo zingemwondolea mtoto mzigo ambao amri ishirini zamwongezea.

Neno jingine la darasani linalostahili kutazamwa ni "kuanza ngono mapema". Katika maneno haya kijana ndiye mtenda. Yeye ndiye aliyeanza, kana kwamba ameanza kulima au kuvuta tumbaku. Msichana wa miaka 11 aliyekamatwa na jirani njiani kutoka kisimani atahesabiwa pamoja na "walioanza mapema", na hesabu hiyo itasomwa mkutanoni kama dalili ya kuharibika kwa maadili ya vijana. Yule jirani hayumo katika sentensi.

Mtu aweza kujibu kwamba mafunzo hayana budi kulenga wengi, na kwamba wengi wanahitaji maarifa ya kujikinga. Ni kweli. Walakini historia ya mafunzo haya nchini yaonyesha kwamba maarifa peke yake hayafiki mbali. Mpango ulioitwa MEMA kwa Vijana ulijaribiwa katika jamii 20 mkoani Mwanza kuanzia miaka ya mwisho ya 1990, nusu ya jamii hizo zikipata mafunzo na nusu zikiwekwa kwa kulinganisha. Yalipopimwa matokeo, vijana waliofundishwa walionekana kujua zaidi kuliko wenzao. Lakini katika maambukizo ya UKIMWI na katika mimba hapakuonekana tofauti ya kutegemewa. Sababu zaweza kuwa nyingi. Moja inayofaa kufikiriwa ni hii, kwamba maarifa humsaidia mwenye kuchagua, na vijana wengi hawakuwa na nafasi ya kuchagua.

Nachingwea ina kumbukumbu yake ya mipango iliyotungwa mbali. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga, na Nachingwea ilikuwa miongoni mwa mahali palipochaguliwa pamoja na Kongwa na Urambo. Reli ilijengwa kutoka pwani ya Mtwara, mitambo ikaletwa, misitu ikafyekwa. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na reli baadaye ikang'olewa. Kosa halikuwa la karanga, maana wenyeji walikuwa wakizilima tangu zamani. Udongo na mvua havikupimwa sawasawa kabla ya kazi. Mafunzo yasiyompima msikilizaji wake yako katika hatari hiyo hiyo.

Majina ya uovu

Baada ya amri, yafaa yatazamwe majina ambayo tendo lenyewe limepewa. Hapa ndipo jeraha linapoguswa hasa.

Magazeti na mazungumzo ya adabu hupenda kusema kwamba mtoto "amenajisiwa". Neno hili latoka katika Kiarabu, nalo ni neno la dini: najisi ni uchafu unaomzuilia mtu ibada mpaka atoharike. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili naye alijua unajisi kwa maana iliyo karibu na hiyo. Katika nchi ambayo Waislamu na Wakristo huishi mlango kwa mlango, neno hili halihitaji kufafanuliwa kwa mtu yeyote. Lakini angalia linavyotenda kazi. Aliyetenda uchafu ni mwanamume. Uchafu wabaki kwa mtoto. Yeye ndiye "aliyenajisiwa", kama nguo iliyodondokewa na kitu. Ndivyo lilivyo pia neno "kuharibiwa", ambalo wazee hulitumia kwa upole. Kitu kilichoharibiwa hutupwa au huuzwa kwa bei ya chini. Msichana akisikia kwamba ameharibiwa, hata kama msemaji analia kwa huruma, amekwisha kuambiwa thamani yake.

Neno "kubaka" ni bora. Maana yake ya asili ni kunyakua, kutwaa kwa nguvu. Mtenda yumo ndani yake, na nguvu yake imo, wala halimpaki mtendwa uchafu. Wako wanaolikwepa kwa kuliona kali mno masikioni. Ukali huo ni wa tendo, na neno halina haja ya kuuficha.

Sheria nayo yataka kuhakikiwa. Mwaka 1998 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ambayo kwa Kiswahili hujulikana kama Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Ilikuwa hatua kubwa, kwani iliongeza adhabu na kuhesabu kuwa ubakaji kila tendo la namna hiyo kwa msichana aliye chini ya miaka 18, awe amekubali au hakukubali, ijapokuwa iliacha nje mke aliyetimiza miaka 15. Lakini jina lake lina kiambishi -ana, ambacho kila mwanafunzi wa sarufi hufundishwa kuwa ni cha kutendana: pigana, pendana, saidiana. Kujamiiana ni tendo la wawili wanaoshirikiana. Basi kosa la mtu mmoja juu ya mwingine limewekwa chini ya kitenzi kinachosema kwamba wote wawili walitenda. Hapana shaka waliolichagua walitafuta neno la heshima. Kosa hilo hilo huonekana gazetini isemwapo kwamba mtu mzima "alifanya mapenzi na mwanafunzi". Palipo na nguvu na hofu, hapana mapenzi, wala hapana "na".

Liko na neno "mimba". Msichana hupata mimba, hubeba mimba, hupewa mimba. Katika maneno "mimba za utotoni", ambayo hutajwa sana katika mikutano ya wilaya, mimba yaelekea kuota yenyewe kama uyoga baada ya mvua. Sarufi ya Kiswahili haikushindwa kumtaja mtu wa pili, kwani yaweza kusemwa wazi kwamba fulani alimtia mimba mtoto wa miaka 14. Kanuni za elimu za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi afukuzwe shule kwa kosa dhidi ya maadili, na kwa miaka mingi wasichana wenye mimba waliondolewa shuleni kama wakosaji wa namna hiyo. Mwaka 2016 sheria ya elimu iliongezewa adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa mwanamume anayempa mwanafunzi mimba. Mnamo Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana waliojifungua waweza kurudi katika shule za kawaida. Sheria imesogea, sentensi za darasani bado zamtaja msichana peke yake.

La mwisho ni "sehemu za siri". Mtoto hufundishwa kuita hivyo viungo vyake vya uzazi, na nia ni adabu. Lakini siri ni jambo lisilosemwa. Mtu mbaya amwambiapo mtoto "hii ni siri yetu", atumia neno lile lile ambalo mama na mwalimu walikwisha kulitia mwilini mwa mtoto huyo. Kuna haja ya kutenga faragha na siri. Mwili una faragha, yaani hautazamwi wala haushikwi ovyo. Uovu uliotendwa juu ya mwili hauna haki ya siri.

Jambo hili lina uzito hata mahakamani. Mara nyingi mtoto akiulizwa alifanyiwa nini hujibu, "Alinifanyia tabia mbaya," kwa kuwa hana neno jingine alilofundishwa kulisema mbele ya wakubwa. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imewahi kukubali kwamba malezi, dini na haya ya kusema mbele ya watu huweza kumzuia shahidi asitaje tendo waziwazi, na kwamba maneno ya tafsida yaweza kufahamika kwa maana yake. Hiyo ni busara ya mahakimu. Lakini haifai haki ya mtoto itegemee busara ya msikilizaji kila mara, wakati ambapo somo moja la uke na uume, likifundishwa kwa utulivu, lingempa maneno yake mwenyewe.

Ufundi wa unyago

Chuo cha kale nacho kitazamwe kwa haki. Maelezo ya unyago wa pwani yamo katika kitabu cha Mtoro bin Mwinyi Bakari, Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa mwaka 1903, na msomaji wake huona jinsi mafunzo yale yalivyokuwa na utaratibu wake. Katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa, manyakanga na makungwi hukusanya wali baada ya mavuno, na mafunzo huja kwa nyimbo, mafumbo, michezo na vitu vya kushikwa mkononi.

Fumbo si njia ya kuficha tu. Mtu mwenye jeraha hawezi daima kusema "mimi", lakini aweza kuimba habari za ndege, za mtungi, au za shamba lililoingiliwa na nguruwe. Wimbo wampa umbali. Anaitikia pamoja na wengine, hakuna anayemwita mbele, na ndani ya kiitikio hicho aweza kusema lake bila ya kuulizwa. Kadhalika mwali ana somo wake, mwanamke mmoja anayejulikana, ambaye ni wake hata baada ya ngoma kwisha. Mwalimu wa darasa ana wanafunzi wengi na uhamisho wa kazi. Somo ana mwali wake. Mwanachuoni Judith Herman, katika kitabu chake cha mwaka 1992 juu ya majeraha ya nafsi, alieleza hatua tatu za kupona: kwanza usalama, kisha kukumbuka na kuomboleza, kisha kurudi kuungana na watu. Mtu aujuaye unyago ataona kwamba vyombo vya hatua hizo, yaani mahali pa kutengwa, wimbo wa pamoja na sherehe ya kurudi, vilikuwapo tangu zamani.

Hata hivyo vyombo ni kitu kimoja, na yaliyotiwa ndani yake ni kitu kingine. Unyago hufundisha utii kwa wakubwa, na mwenye kumdhuru mtoto mara nyingi ni mkubwa. Unyago hufunga mafunzo yake kwa kiapo cha kunyamaza, na mtoto mdogo hawezi kubagua lipi katika mambo ya mwili ni la kunyamaziwa na lipi ni la kupigiwa kelele. Tena, wasichana wengi siku hizi huchezwa ngoma wakiwa wadogo, hata kabla ya kuvunja ungo. Atokapo ndani huambiwa kwamba amekuwa mtu mzima. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kwamba yeyote aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Msichana mmoja ana majina mawili, na mwanamume anayetaka udhuru hulichagua lile linalomfaa.

Kuna na neno la nyumbani, "kuyamaliza". Uovu ukitendeka ndani ya ukoo, wakubwa hukutana, na miongoni mwa Wamwera, ambao kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, neno la mjomba huwa zito. Hutolewa fedha au mbuzi, kisha husemwa yamekwisha. Yamekwisha kwa wakubwa. Mtoto hakuketi katika baraza hilo.

Mfano wa Masasi

Swali la kurekebisha mafunzo haya si geni katika nchi hii. Tangu mwaka 1913 hivi, Vincent Lucas, padre wa misheni ya UMCA ambaye alikuwa askofu wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, alijaribu kuleta jando ndani ya Ukristo badala ya kulipiga marufuku. Kumbi ilibaki kumbi, na tohara ilibaki; lakini sala ziliingizwa, na nyimbo na desturi zilizohesabiwa kuwa chafu ziliondolewa. Mwanahistoria Terence Ranger, katika makala yake ya mwaka 1972, alionyesha kwamba jambo hilo halikuwa kazi ya Mwingereza mmoja, bali mapadre na walimu Waafrika walikuwa na sehemu kubwa, na kwamba upande wa wavulana ulishika vizuri kuliko upande wa wasichana.

Mfano huo wafundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba desturi yaweza kugeuzwa ikiwa wenye nayo wamo katika kazi ya kuigeuza. La pili ni onyo. Warekebishaji wale walijiuliza, "Lipi ni chafu?" Hawakuwa wakijiuliza, "Nani ameumizwa?" Wakafuta maneno ya wazi ya mwili, wakaacha utii na kimya. Anayerekebisha leo kwa kupima adabu peke yake atarudia kazi hiyo: atatoa wimbo unaomwonea haya mgeni, na kuacha kiapo kinachomfunga mtoto.

Namna ya kurekebisha

Kutokana na hayo, yafaa mambo manne yafikiriwe na wale wanaotunga mafunzo kwa vijana wa Nachingwea na Ruangwa.

Kwanza, amri zipungue na maelezo yaongezeke. Mahali pa "Jiepushe na watu wabaya" paweza kusemwa: "Mtu mzima akikushika kwa namna usiyoitaka, kosa ni lake. Likitokea, waweza kusema leo, kesho, au baada ya mwaka." Sentensi ya namna hii yamfaa mtoto ambaye hajadhuriwa na yule aliyekwisha kudhuriwa, wala haimlazimishi yeyote kuinua mkono.

Pili, mtenda atajwe. Kila palipo na "alinajisiwa" au "alipata mimba" paulizwe nani alitenda, na sentensi iandikwe upya naye akiwa mwanzoni. "Kubaka" litumike bila ya haya, na "kunajisi" liachiwe vitabu vya ibada.

Tatu, wimbo na fumbo viingie darasani, navyo vitungwe na manyakanga pamoja na walimu na wauguzi. Kiapo cha kimya kibaki nje. Yaweza kupingwa kwamba fumbo laleta utata, na kwamba mtoto ahitaji maneno ya wazi. Vyote viwili vyatakiwa, kwa mpango. Fumbo ni mlango wa kuingilia kwa yule asiyeweza kusema. Neno wazi ni la wakati atakapokwenda kwa muuguzi, katika dawati la jinsia na watoto la polisi, au mbele ya hakimu. Mafunzo yenye moja tu kati ya hayo mawili yamwacha mtoto njiani. Na kwa mtoto ambaye nyumbani hunena Kimwera, achaguliwe yeye lugha ya kusemea, maana wako ambao jambo zito hulisema vyepesi zaidi kwa lugha isiyo ya nyumbani, na wako ambao hawawezi kulisema ila kwa ile ya mama.

Nne, kusiwe na swali la kumtaka kijana aeleze yaliyompata mbele ya wenziwe. Mwalimu aseme tangu mwanzo kwamba anayetaka kutoka nje kidogo aweza kutoka, na amtaje mtu mmoja atakayekuwapo baada ya kipindi. Hapo Kiswahili kina bahati ya kipekee. Neno "somo" ni jina la kile kinachofundishwa, na ni jina la yule mwanamke anayemshika mwali mkono. Asili za maneno hayo mawili zaweza kuwa mbalimbali, lakini masikioni ni neno moja. Mafunzo ya shuleni yameleta somo la kwanza bila ya lile la pili.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi kwa kuanzia. Yahitaji kalamu, kitabu kilichopo sasa darasani, na watu watatu mezani: mwalimu, muuguzi na nyakanga. Wasome sentensi moja baada ya nyingine kwa sauti, na kila mara wajiulize inavyosikika kwa mtoto aketiye safu ya nyuma ambaye hajamwambia mtu. Sentensi itakayomshtaki ifutwe, hata ikiwa ni fasaha.